Bei ya bando na gorogoro lililobonyezwa

Hapa Njukini simu zetu huingia Tanzania bila sisi wenyewe kunyanyuka kitini. Umeketi kibarazani, Kilimanjaro mbele yako, miguu yote miwili iko ndani ya Kaunti ya Taita Taveta, mara simu inalia. Ukifungua ujumbe unakuta umekaribishwa nchi jirani na kutakiwa safari njema. Wageni wanaotutembelea hucheka. Sisi wenyeji tunaharakisha kutazama salio.

Msimu uliopita wa nyanya niliweka shilingi 100 nipige simu Voi kwa mnunuzi aliyekuwa anataka makreti kumi. Hatukuwa tumemaliza hata kupatana bei, simu ikakatika. Kutazama salio, sifuri. Nilipowapigia wahudumu wa mtandao wangu kwa simu ya jirani niliambiwa kwa upole kwamba wakati ule nilikuwa "nje ya nchi". Nikajibu kwamba nilikuwa shambani kwangu, na shamba halijahama. Sitautaja mtandao huo, kwa kuwa jambo lenyewe si la mtandao mmoja. Mnunuzi yule alipata nyanya kwa mtu mwingine.

Kisa hicho nilimsimulia mama mmoja anayeuza vitunguu soko la Taveta, Jumatano na Jumamosi. Alinisikiliza hadi mwisho kisha akaniuliza: "Mwanangu, mimi nikimpimia mteja gorogoro limebonyezwa chini, ataligeuza alione. Hawa watu wa simu gorogoro lao tunaligeuzia wapi?"

Tangu siku ile sijaacha kulifikiria swali hilo. Msomaji anayenunua mahindi au maharagwe analijua gorogoro, mkebe ule wa kilo mbili, na anajua pia ujanja wa kuligonga kitako kwa nyundo hadi kitune kwa ndani. Bei inabaki ileile, kipimo ndicho kinachopungua. Sokoni tumejifunza kutazama kitako. Katika simu bado hatujajifunza, na ndiyo sababu ushindani tunaoambiwa upo kati ya mitandao hautufaidi kama ulivyopaswa. Nitajaribu kueleza tulifikaje hapa, bei hujificha wapi, na mtu wa kawaida afanye nini.

Vita vya kwanza vilikuwa vya kipimo

Wanaokumbuka mwaka 2000 wanakumbuka kwamba simu ya mkononi ilikuwa kitu cha wakubwa. Kampuni zilikuwa mbili, Kencell na Safaricom. Kencell ilihesabu mazungumzo kwa dakika nzima, Safaricom ikaja na kuhesabu kwa sekunde.

Wengi waliiona tofauti hiyo kuwa ndogo, lakini fanya hesabu. Tuseme dakika moja ni shilingi 6, nawe umezungumza kwa dakika moja na sekunde kumi. Anayehesabu kwa dakika atakutoza dakika mbili, yaani shilingi 12. Anayehesabu kwa sekunde atakutoza shilingi 7. Bei iliyoandikwa ni moja, lakini malipo yanakaribia kuwa mara mbili. Mtu wa kipato cha chini, ambaye simu yake ni ya kusema "nimefika salama" na kukata, aliiona tofauti hiyo upesi. Ni mojawapo ya sababu zilizoifanya Safaricom kupendwa na watu wa kawaida na kumpita mwenzake.

Hapo tunapata funzo la kwanza. Kampuni iliyotumia kipimo kidogo kinachoeleweka ilishinda, maana watu waliweza kulinganisha. Ushindani hufanya kazi pale mteja anapoona kitako cha gorogoro.

Mwaka 2010 na simu ya shilingi 3

Vita vya pili vilikuja miaka kumi baadaye. Kufikia wakati huo Kencell ilikuwa imebadilishwa jina kuwa Celtel, kisha Zain (mwishoni mwa 2010 ikawa Airtel, jina ililo nalo hadi leo). Orange na Yu zilikuwa zimeingia sokoni mwaka 2008. Kampuni zikawa nne, lakini simu bado ilikuwa ghali, hasa ukimpigia mtu wa mtandao mwingine.

Sababu ilikuwa ada ambayo wateja wengi hawajawahi kuisikia. Ifikirie kama mfereji wa maji ya kunyunyizia, jambo tunalolijua vyema huku. Maji yangu yanatoka kwenye chemchemi, lakini ili yafike kwenye shamba la mjomba lazima yapite katika kipande cha mfereji wa jirani. Jirani ananitoza kwa kupitisha. Mitandao nayo hufanya vivyo hivyo. Nikikupigia ukiwa mtandao mwingine, mtandao wangu unaulipa mtandao wako kwa kila dakika kwa kuipokea simu hiyo. Tuiite ada ya kuunganisha.

Hadi katikati ya 2010 ada hiyo ilikuwa shilingi 4.42 kwa dakika. Kampuni ndogo, ambayo wateja wake wengi huwapigia watu wa kampuni kubwa, isingeweza kuuza dakika kwa shilingi 3 huku ikilipa 4.42 kwa jirani. Kampuni kubwa haikuumia sana, kwa kuwa simu zake nyingi huanzia na kuishia ndani ya mfereji wake wenyewe.

Agosti 2010 iliyokuwa Tume ya Mawasiliano ya Kenya ilishusha ada hiyo hadi shilingi 2.21, nusu kamili. Zain ikatangaza shilingi 3 kwa dakika kwenda mtandao wowote, na wengine wakalazimika kushusha. Nakumbuka jinsi watu walivyoacha kuflashi. Kabla ya hapo mkulima alimflashi mnunuzi na kungoja kwa subira apigiwe. Ghafla kila mtu alikuwa na la kusema, na kulisema kwa kirefu.

Punguzo lililopangwa kufuata mwaka 2011 lilisitishwa, lakini baadaye ada ikaendelea kushuka: shilingi 1.44, kisha 1.15, na mwaka 2014 senti 99. Ikakaa hapo miaka mingi. Agosti 2022 ilishuka hadi senti 58 baada ya mvutano uliofika kwenye baraza la rufaa, na Machi 2024 ikawa senti 41. Yaani ada iliyokuwa shilingi 4.42 imepungua kwa zaidi ya asilimia 90.

Kwa nini basi hatukuhamia kwa wingi kwenye mtandao wenye bei nafuu? Aprili 2011 tulipewa hata ruhusa ya kuhama na namba zetu. Wachache tu walihama, na sababu inaeleweka. Namba ilihama, pesa hazikuhama. M-Pesa ilianza Machi 2007, na kufikia 2011 ndiyo iliyokuwa benki ya mama muuza vitunguu, karo ya mtoto na mchango wa matanga. Kuhama mtandao kulikuwa sawa na kuhama mji ambao ndugu zako wote wanakaa.

Mlango huo umefunguliwa kidogokidogo. Hadi Julai 2014 wakala wa M-Pesa hakuruhusiwa kuhudumia wapinzani, na ni baada ya Mamlaka ya Ushindani ya Kenya kuingilia ndipo kibanda kimoja kikaweza kubeba mabango ya rangi mbili. Mwaka 2018 kutuma pesa kati ya mitandao kulianza kufanya kazi moja kwa moja kwenye akaunti ya mpokeaji, na mwaka 2022 namba za malipo za wafanyabiashara zikaanza kupokea kutoka mitandao mingine. Hata hivyo, Safaricom bado ina takriban theluthi mbili ya laini zote nchini, na katika huduma za pesa sehemu yake ni kubwa zaidi.

Bei ilipohamia gizani

Bei ya dakika ilipokuwa shilingi 3 au 4, kila mtu aliijua kwa kichwa. Safaricom iliwahi hata kuuita mmoja wa mipango yake ya bei "Uwazi". Leo muulize kijana yeyote pale stendi ya Taveta analipa kiasi gani kwa dakika moja. Hatakujibu. Atakwambia hununua bando.

Bando ndilo gorogoro la siku hizi, na linaweza kubonyezwa mahali patatu.

La kwanza ni ujazo. Bando la shilingi 20 linaweza kubaki shilingi 20 miaka nenda miaka rudi huku megabaiti zilizomo zikipungua. Hakuna atakayetangaza kwamba bei imepanda, maana kwa maandishi haijapanda.

La pili ni muda. Bando la saa 24, la saa moja, la hadi usiku wa manane. Ukilala kabla hujalimaliza, kilichobaki kinarudi kwa mwenye duka. Hebu fikiria umenunua sukari, halafu muuzaji anabisha hodi alfajiri kuchukua iliyobaki kikombeni. Wakenya walilalamikia jambo hili hadi likafikishwa mwaka 2019 mbele ya baraza la rufaa la masuala ya mawasiliano, na Oktoba mwaka huohuo Safaricom ikaleta vifurushi visivyoisha muda. Vipo hadi leo, lakini mara nyingi havikai mstari wa kwanza wa menyu.

La tatu ndilo linalonisumbua zaidi: bei ya mtu binafsi. Siku hizi unabonyeza namba fulani na kuambiwa "ofa zako". Zako, si zetu. Mimi na jirani yangu tulijaribu siku moja tukiwa tumeketi benchi moja, mtandao mmoja, dakika ileile. Kwa shilingi 20 yeye alipewa megabaiti nyingi kuliko mimi. Hakuna aliyetueleza sababu. Kompyuta inatazama matumizi yako ya nyuma na kukukisia: huyu atakubali kiasi gani?

Kuna watakaosema hata sokoni bei ni maelewano. Ni kweli, lakini sokoni namsikia mama wa meza ya pili akimtajia mteja wake bei, nami naitumia kushindana na wa meza yangu. Kusikia bei ya mwenzako ndiko kunakoshusha bei yako. Ofa ya siri inanitoa sokoni na kuniweka chumbani peke yangu na muuzaji anayenijua kuliko ninavyomjua.

Hesabu ya kugeuza gorogoro

Njia ya kujikinga ni hesabu ya darasa la nne: gawanya ujazo kwa bei. Nitatumia mifano ya kutunga, si bei za mtandao wowote.

Tuseme bando la kwanza ni shilingi 10 kwa megabaiti 80, saa moja. Kila shilingi inakupa megabaiti 8. La pili ni shilingi 20 kwa megabaiti 200, saa 24. Kila shilingi inakupa 10. La tatu ni shilingi 50 kwa megabaiti 350, halina mwisho wa muda. Kila shilingi inakupa 7.

Kwa haraka utasema la pili ni rahisi na la tatu ni ghali. Sasa jiulize wewe unatumia kiasi gani kwa siku. Mzee anayetazama picha za wajukuu kwa WhatsApp na kusoma habari kidogo anaweza kutumia megabaiti 100 tu katika saa hizo 24. Zile 100 nyingine zinamwagika. Kwa hiyo shilingi 20 zimempa megabaiti 100, yaani 5 kwa kila shilingi. Kwake yeye bando la tatu, lile la 7, ndilo nafuu. Kwa kijana anayetazama mpira usiku kucha, la pili linamfaa.

Kwa hiyo hakuna bando rahisi kwa kila mtu. Lipo linalolingana na matumizi yako, na huwezi kulijua bila namba tatu: bei, ujazo na muda. Mtandao unaokuonyesha namba mbili na kuificha ya tatu katika maandishi madogo umekubonyezea gorogoro.

Kuna pia ushuru, ambao nao hauonekani. Ushuru wa bidhaa kwenye muda wa maongezi ulikuwa asilimia 10, ukapanda hadi 15 mwaka 2018, ukafika 20 mwaka 2021 na kurudishwa 15 mwaka 2023. Juu yake huongezwa VAT ya asilimia 16. Ukipiga hesabu kwa viwango hivyo, katika kila shilingi 100 unazoweka kwenye simu takriban shilingi 25 ni za serikali. Kampuni zikisema si kila kitu ni faida yao, hapo zinasema kweli. Lakini ushuru nao ungeonyeshwa kando, kama kwenye risiti ya duka kubwa, tungejua ukipanda ni nani wa kulaumiwa, na ukishuka kama punguzo limetufikia.

Mpakani tunalipa mara mbili

Hayo ni ya Kenya nzima. Sisi wa mpakani tuna letu la ziada.

Simu haijui ramani. Hutafuta mnara wenye mawimbi yenye nguvu mahali ilipo. Sisi tumepakana na Rombo, na kwenye mabonde ambako mnara wa Kenya hauonekani vizuri, mnara wa ng'ambo ndio unaosikika. Simu inauegemea, na mtandao wako wa Kenya unaanza kukuhesabu kama msafiri. Dakika inakuwa ya kigeni, data inakuwa ya kigeni, na kwa mipango mingine hata kupokea simu kunatozwa. Pia bando lako la nyumbani halitumiki huko, ndiyo maana shilingi 100 zangu zilimalizika kama maji kwenye mchanga.

Je, jambo hili haliwezekani kurekebishwa? Lilikwisha kufanyika. Septemba 2006 Celtel ilianzisha mpango ulioitwa One Network kati ya Kenya, Uganda na Tanzania: mteja akivuka mpaka alipiga kwa bei ya wenyeji na kupokea bila malipo. Baadaye serikali zenyewe zikaingia. Kati ya mwishoni mwa 2014 na mwanzoni mwa 2015, Kenya, Rwanda, Uganda na Sudan Kusini ziliweka eneo moja la mawasiliano, zikafuta malipo ya kupokea simu na kuweka kikomo cha bei ya kupiga. Mtu wa Busia alifaidi. Tanzania haikuwamo katika kundi hilo la mwanzo, na Tanzania ndiyo inayotazamana nasi.

Ulaya nako walikuwa na tatizo hilohilo la vijiji vya mpakani. Kuanzia Juni 2017 nchi za Umoja wa Ulaya ziliondoa gharama ya ziada kwa wateja wanaovuka mpaka ndani ya umoja huo, na mteja akivuka hutumiwa ujumbe wa kumweleza bei. Ujumbe wetu wa "karibu" unaweza kufanya kazi hiyohiyo. Badala ya kunitakia safari njema niliyokuwa sina, uniambie: dakika sasa ni kiasi hiki, megabaiti ni kiasi hiki, bonyeza hapa ukitaka kukataa.

Wengi wetu tumetafuta njia yetu wenyewe: laini mbili katika simu moja, ya Kenya na ya Tanzania. Mfanyabiashara wa ndizi anazo zote, na fedha anaziweka pande zote. Ni ujanja mzuri, lakini ni gharama, na kazi ya kufuatilia vifurushi vya nchi mbili kwa shilingi mbili tofauti si ya kila mtu.

Tunachoweza kujifunza kwa jirani

Kuwa na laini ya Tanzania kumenifunza jambo moja. Kule nao waliwahi kuchoka na vifurushi. Mwanzoni mwa 2021, baada ya malalamiko mengi, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania iliweka masharti: mteja ajulishwe kifurushi kinapotumika asilimia 75 na kinapokwisha, aulizwe kama anataka kuendelea kutumia nje ya kifurushi, na kifurushi kisibadilishwebadilishwe ndani ya miezi mitatu. Bei mpya zilipotoka mwanzoni mwa Aprili mwaka huo zikawa juu kuliko watu walivyotarajia, wananchi wakapiga kelele, na bei hizo zikasimamishwa.

Simaanishi kule ni peponi. Nasema tu kwamba gorogoro linaweza kuwekewa muhuri.

Hapa Kenya sheria tunazo pia. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidi huduma anayoilipia. Sheria ya Ushindani ya 2010 inakataza kutoza ada ambayo mteja hakujulishwa kabla. Kwa msingi huo, mwaka 2016 Mamlaka ya Ushindani iliziagiza benki na kampuni za huduma za pesa kwa simu zionyeshe ada kwenye simu ya mteja kabla hajathibitisha muamala. Zamani uliijua ada baada ya pesa kwenda.

Agizo hilo linajibu swali la mama muuza vitunguu. Kama ada ya kutuma pesa inaweza kuonyeshwa kabla, bei ya dakika nayo inaweza. Bando linaweza kuandikwa kwa kipimo kimoja kwa kampuni zote: shilingi kwa megabaiti moja, shilingi kwa dakika moja, muda wake, na ushuru wake. Dukani tunaona kilo moja ni kiasi gani hata kama paketi ni ya nusu. Hakuna ufundi wowote unaokosekana.

Hoja ya kampuni

Haki ni kusikiliza pande zote. Kampuni zinasema mnara ni ghali kuujenga, dizeli na umeme ni ghali, leseni ni ghali, na kijiji chenye watu wachache hakirudishi pesa. Kwamba bando dogo la saa moja ndilo lililomwezesha mwenye shilingi 10 kuingia kwenye intaneti. Hili nalikubali. Bila bando la shilingi 10, wanafunzi wengi hapa wasingepakua hata karatasi moja ya mtihani.

Lakini hakuna hata moja kati ya hoja hizo inayohitaji bei kufichwa. Na kuhusu vijiji vya mbali, kampuni huchangia asilimia 0.5 ya mapato yao katika Hazina ya Huduma kwa Wote, ambayo kazi yake ni kupeleka mawimbi pale biashara peke yake isipofika. Mnara mmoja wa Kenya ukiwekwa vizuri ukanda huu ungefanya mambo mawili kwa pamoja: ungetuletea mawimbi, na ungezuia simu zetu kukimbilia Rombo. Mahali penye mtandao mmoja tu unaosikika, neno ushindani ni la kwenye magazeti.

Ya kufanya kuanzia leo

Kwanza, ukikaa mpakani, fungua mipangilio ya simu, uzime data ya ugenini na uchague mtandao wako kwa mkono badala ya kuiachia simu ichague yenyewe. Hata kabambe nyingi zina nafasi hiyo. Utapoteza mawimbi mara nyingine, lakini salio litakuwa salama.

Pili, kabla ya kununua bando, gawanya. Ujazo kwa bei, kisha jiulize kama utaumaliza kabla ya muda. Tafuta vifurushi visivyoisha muda hata kama vimewekwa chini ya menyu.

Tatu, tajianeni bei. Ukipewa ofa, mwambie jirani. Bei ya siri hufa inapotajwa barazani.

Nne, lalamika kwa maandishi. Anza na kampuni yako, uhifadhi ujumbe, tarehe na saa. Wasipokujibu, nenda Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Malalamiko ya mdomo pale dukani huishia pale dukani. Ukikatwa pesa za "ugenini" ukiwa nyumbani, eleza ulikuwa kijiji gani. Wakulima ishirini wa Njukini wakiandika jambo lile lile katika mwezi mmoja, ni vigumu kuambiwa wote walikuwa safarini.

Mimi langu niliandika. Shilingi zangu zilirudishwa baada ya wiki tatu, bila maelezo. Jumamosi iliyofuata nilipita sokoni Taveta nikamweleza yule mama. Alikuwa anampimia mteja vitunguu. Mteja akalichukua gorogoro, akaligeuza, akapitisha kiganja kwenye kitako, akalirudisha. Mama hakukasirika hata kidogo. Alilijaza mpaka juu, akaongeza kimoja, kisha akanitazama na kusema: "Unaona? Akishagusa mwenyewe, wiki ijayo atarudi kwangu."